Namba Nilizoandika Bila Kuzisikia

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na doti ya kanga kwa ajili ya mke wangu, kisha mkanitaka niseme neno. Nilisema. Niliomba radhi kwa jumla, kama ilivyo desturi yetu ya kuomba radhi bila kulitaja kosa. Mkapiga makofi, pilau likapakuliwa. Muuguzi wetu Zuwena peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akinitazama, nami nilikuwa nikiitazama sahani yangu.

Nawaandikia nyinyi mliobaki katika chumba cha presha, kwa sababu siku ile sikusema nilichopaswa kusema. Kituo chetu cha afya sitakitaja. Kiko kusini ya Pemba, na anayekijua anakijua.

Nilianza kazi Tumbe, kaskazini, baada ya kidato cha nne na kozi ya uuguzi msaidizi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yangu, na kabla ya adhuhuri lilikuwa na magamba ya samaki mpaka kwenye kola. Wagonjwa walikuja moja kwa moja kutoka bandarini. Hata mpira wa kupimia presha ulinuka dagaa, na hakuna sabuni iliyowahi kuishinda harufu ile.

Aliyenifundisha kazi alikuwa muuguzi anayeitwa Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinifundisha kupima presha kwa hatua tatu. Kwanza salamu, kwa sababu katika salamu unasikia pumzi ya mtu na unaona kama akili imetulia. Pili vidole. Unaushika mshipa wa mkono, unapampu mpaka mapigo yapotee chini ya vidole vyako, na namba ya hapo unaiweka kichwani. Tatu ndiyo unavaa stetoskopu masikioni, unapampu kuipita ile namba, halafu unaiachia hewa taratibu kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye taa ya chibuyu. Pigo la kwanza utakalolisikia ndiyo namba ya juu. Pale mapigo yanaponyamaza ndiyo ya chini.

Wiki nzima nilijifunza kwenye mkono wake mwenyewe.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, Bi Mwanaidi."

"Muongo weye. Hewa hata hujaifungulia."

Wauguzi wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Ukisema umesikia na hujasikia, unamuua ntu na cheti unamwandikia kuwa mzima." Nilidhani ananitisha kama wakubwa wanavyowatisha wageni wa kazi.

Baada ya miaka nilihamishiwa kusini, karibu na kwetu. Hapo foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na sifa ya wepesi. Hatua ya vidole niliiacha. Sikumbuki siku niliyoiacha, na hilo lenyewe linanisikitisha. Mambo ya namna hii huyaachi kwa siku moja. Unairuka kwa mgonjwa mmoja kwa kuwa mvua inakuja, kwa mwengine kwa kuwa gari la Chokocho litamwacha, halafu unasahau kuwa ilikuwapo. Kwa muda mrefu haikuleta madhara yoyote, kwa sababu masikio yangu yalikuwa mazima na yalifanya kazi ya vidole pia.

Wazee ndio waliokuwa wengi. Wengi wao walikuwa na presha, na wengi walikuwa hawasikii vizuri, ingawa hilo la pili sisi hatukulipima. Tulikuwa na chumba cha presha, hatukuwa na chumba cha masikio. Mtu mwenye mwanawe Maskati aliletewa mashine ya sikioni, akaivaa mpaka betri ilipokwisha, kisha akaifungia kabatini pamoja na pasipoti. Asiye na mwana Maskati alibaki na kiganja chake nyuma ya sikio. Na nimeona kwa macho yangu namna mambo mawili haya yanavyoshikana. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani kwa sababu anachoka kuchekea maneno asiyoyapata. Akiacha baraza anaacha kutembea. Anakaa ndani, anakula chumvi yake, na dawa anazimeza kwa kubahatisha kwa kuwa maelezo hayakumfikia. Moyo wake unachakaa kimya kimya, na wa mwenzake wa mjini mwenye umri ule ule, aliyeandikiwa, aliyeelezwa, aliyerudiwa mara tatu, unaendelea kudunda.

Mtaniuliza, ulikuwa huoni kuwa hawasikii? Sikuona, na sababu yake ni salamu.

Salamu zetu mnazijua. Mtu mzima ukimwamkia ataitikia marahaba. Ukimuuliza ameamkaje atasema alhamdulillah. Nyumbani? Hawajambo. Zina mpangilio wake, na aliyelelewa nazo hahitaji masikio ili azijibu. Anakutazama uso, anajua umefika wapi, anakuitikia mahala pake bila kukosea. Mimi nilichukua maswali ya kazi nikayapachika kwenye mkia wa salamu, kwa sauti ile ile ya chini, kwa sababu kumpazia sauti mtu mzima ni utovu wa adabu. Na mgonjwa wa zamani hamwambii mfanyakazi wa serikali "sikusikia, rudia". Anaona anakutaabisha.

Hivyo ndivyo nilivyomhudumia Mzee Shaame kwa miaka. Alikuwa mpiga mbizi wa majongoo ya pwani, mtu wa vina virefu, na masikio yake yalipasuka angali kijana. Alikuwa na presha ya siku nyingi. Alikuja kila mwezi siku ya Jumanne, kofia yake nyeupe kama maziwa.

Nikiwa nimekaribia kustaafu, masikio yangu nayo yakaanza kuniacha. Kwanza ilikuwa redio. Mke wangu, Bi Asha, akasema, "Punguza, jirani hawakuomba habari." Nikasema redio ni mbovu. Kisha nikaona mgonjwa akizungumza huku ameuelekeza uso dirishani, simpati. Kisha, katika stetoskopu, lile pigo la kwanza likaanza kuchelewa. Nilikuwa naiachia hewa, sindano inashuka, kimya, kimya, kisha linaanza, hafifu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu.

Nilijua. Sitaki kusema sikujua. Nilijua na nikaogopa. Niliogopa kutolewa chumbani nikapelekwa stoo. Niliogopa watoto wa mtaa, maana nimeshasikia wanavyowaimba viziwi. Na namba ya chini, ambapo mapigo yanazidi kuwa madogo, nikawa siipati kabisa. Nikawa naandika themanini. Kwa karibu kila mtu, themanini. Kadi zipo, mnaweza kutazama.

Mashine ya betri ilikuwapo pia. Ililetwa kituoni, nzuri, inasoma yenyewe, haihitaji sikio la mtu. Zuwena, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, akataka tuitumie.

"Hiyo ya kuchezea," nilimwambia. "Inadanganya."

"Lakini Mzee Khatib, tumefundishwa..."

"Mie nimefundishwa kabla hujazaliwa."

Nikaitia mtotoni mwa meza nikafunga kwa ufunguo. Masikio kuzibika si dhambi. Lakini ufunguo ule niliugeuza mwenyewe.

Sasa niwaeleze Jumanne moja.

"Shikamoo, Mzee Shaame."

"Marahaba, dokta."

"Umeamkaje?"

"Alhamdulillah."

"Nyumbani?"

"Hawajambo, wote wazima."

"Kichwa hakiumi?"

"Alhamdulillah."

"Kifua?"

"Tunamshukuru Mola."

Nikampima. Nikasikia pigo la kwanza kwenye mia na thalathini. Nikaandika mia na thalathini kwa themanini. Miezi miwili iliyotangulia nilikuwa nimepata namba zinazofanana na hizo, nikaona dawa zimemzidi.

"Presha yako imeteremka," nikamwambia, nimeinamia kadi, barakoa usoni, sauti ya adabu. "Kuanzia leo umeze nusu kidonge. Nusu. Umenifahamu?"

"Inshaallah, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Dua ile ilinifurahisha. Tazameni tulivyokuwa. Kiziwi mmoja anampima kiziwi mwenzake, kila mmoja anaficha, na salamu zetu hazikuwa na kasoro hata moja.

Dirishani alipewa dawa kwa mujibu wa kadi, vidonge kumi na tano vya kukatwa nusu nusu, vimtoshe mwezi. Yeye hakusikia habari ya nusu. Akaendelea kumeza kimoja kizima kila siku kama alivyozoea, na baada ya siku kumi na tano vikamalizika. Mkewe, Bi Riziki, alikuja kunieleza baadaye. Alimuuliza mumewe, "Mbona dawa zishakwisha?" Akajibu, "Ndivyo alivyotaka dokta." Alikuwa ananiamini. Akakaa bila dawa nusu ya mwezi akisubiri Jumanne yake. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Mwezi wa tatu Jumanne haikumkuta mzima.

Aliletwa asubuhi nyuma ya pikapu ya samaki, ndoo zimesukumwa upande mmoja, Bi Riziki amekipakata kichwa chake. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulining'inia.

"Kaanguka chooni," Bi Riziki alisema. "Kaniita, halafu maneno yakamkwama."

Nilimfunga mpira mkono wa kushoto. Nikasikiliza. Nikasema, "Mia na sitini." Zuwena alikwenda mezani, akautoa ufunguo kwenye mfuko wa koti langu lililotundikwa, bila kuniomba, akaleta mashine ya betri. Ikasoma mia mbili na kumi na nne kwa mia na kumi na nane.

"Inadanganya," nikasema.

"Mzee Khatib, hebu nipe mie nisikilize."

Akaitwaa stetoskopu yangu, ile ile, na mpira ule ule. Nilimtazama uso wakati hewa inatoka. Mimi nilikuwa nimeisubiri sindano ifike chini sana. Yeye aliinua kidole mapema, ingali juu, ingali juu kabisa.

"Mia mbili na kumi," akasema.

Akakimbizwa hospitali kubwa. Pikapu ilipoondoka Zuwena alinikuta ukumbini.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Ndivyo nilivyouliza. Tangu lini?"

Nikasema mashine imezeeka.

"Mashine haijazeeka," alisema. Kisha akateremsha sauti, na sikumpata, ikabidi nimtazame midomo. Alisema, "Watu wote uliowapima lazima wapimwe tena. Waambie weye mwenyewe. Ukiwaambia weye watakuja. Nakupa nafasi hiyo kwa heshima."

Nikasema baada ya Ramadhani. Ikapita. Nikasema baada ya Idi. Siku hiyo hiyo niliyomwahidi nilimwachia chumba cha presha, nikajipa kazi ya chanjo, na kila mtu akaniona mzee mwenye busara anayewapisha vijana. Zuwena aliwapima upya wote waliokuja kwa tarehe zao, akawarudishia dawa. Lakini wapo ambao hawakuwa na tarehe. Hawa ndio wanaoniogopesha mpaka leo. Ni wale niliowaambia, kwa mkono wangu na kwa namba zangu, "Wewe huna tena presha, nenda zako, usije mpaka ukiumwa." Walifurahi. Wengine waliniletea muhogo na ndizi za mkono wa tembo. Hawaji kituoni kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wasije, na presha haimwambii mtu kitu mpaka siku ya kumwangusha.

Nikastaafu. Mlinipa saa.

Huku nyumbani, mtu akifa hutangazwa kwa kipaza sauti cha msikitini. Hicho nakisikia. Nasikia kuwa kuna tangazo, nasikia sauti ikipanda na kushuka, jina silipati. Kijiko kinabaki njiani. Namtazama Bi Asha usoni. Yeye anasikiliza, na mimi katika dakika ile nawapitisha wote kichwani, Bi Kazija, Mzee Hamadi, yule mama wa Wambaa mwenye mguu mmoja mfupi, nikiomba wasiwe wao, yaani nikiomba awe mtu mwengine, na hiyo nayo si dua ya Muislamu.

"Nani?" namuuliza.

"Mtu wa mbali. Kula."

Mwanangu yuko Unguja. Alinikatia tiketi ya boti, nikapimwa masikio, nikaambiwa mashine itakuja na nirudi kuivaa. Nilipotoka pale niliona haya. Mie niliyewaumiza watu kwa masikio mabovu nimepata tiketi na ahadi ya mashine, na Mzee Shaame, ambaye masikio yake yamekufa tangu ujanani, hakuna hata siku moja aliyoulizwa na mtu wa afya kama anasikia. Mtu huyo wa afya ni mimi. Niliporudi sikupitia nyumbani. Nilitoka bandarini nikenda kwake, kwa kuwa nilijijua. Nikikaa tu, nitasema baada ya Idi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, mkono wa kulia umelazwa kwenye mto. Ana nafuu, anatembea kwa fimbo, maneno yanatoka yamepinda. Bi Riziki alikuwa anachambua mchele. Nyumba za kule zimeshonana, ua wa makuti kwa ua wa makuti, na asubuhi ile watu wote walikuwapo majumbani.

Nikapiga goti karibu yake. Nilikuwa nimejitayarisha kusema polepole, mimi na yeye tu.

"Mzee Shaame," nikasema, "nimekuja kutaka radhi. Nilikukosea."

Akaniitikia vizuri sana. Akaniuliza habari za safari.

Bi Riziki hakuinua macho kwenye ungo. "Hakusikii, dokta. Sema kwa kelele."

Nikapandisha kidogo.

"Kelele," alisema. "Huyo hata baruti haisikii. Au jambo lenyewe la siri?"

Nilitazama ua. Nilijua nikisema kwa sauti ya kumfikia, itawafikia wote kabla yake. Niliwaza kuinuka, niseme nimekuja kumjulia hali tu, na ningeaminiwa. Halafu nikauona ule mkono kwenye mto.

Nikapiga ukelele. Sijawahi kumpigia mtu mzima ukelele maishani mwangu.

"Nilikuwa sisikii! Nilipokupima nilikuwa sisikii! Presha yako haikuteremka! Namba niliziandika za uongo! Dawa nilizikata mie!"

Mahala fulani mtu akazima redio. Mzee Shaame alinitazama mdomo, kisha macho, kisha mdomo tena. Nikarudia, mara ya tatu nikirudia na sauti imeshanikatika. Ndipo nikaona imefika. Uso wake upande mmoja ulibadilika, na ule mwengine ukabaki vile vile.

"Weye hukuwa ukisikia?" aliuliza.

"Sikuwa nikisikia!"

"Na mie sikuwa nikikusikia weye." Alinitazama tena mdomo. "Miaka yote?"

"Miaka ya mwisho!"

Alicheka kwa upande wake mzima, kicheko kifupi, kisha akalia. Bi Riziki aliweka ungo chini. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Alimfuta mumewe mate kwa ncha ya kanga, polepole, akamaliza, ndipo akanigeukia.

"Nilikuombea dua kila Jumanne," alisema. "Kwa jina lako."

Mtu alisimama kwenye pengo la ua. Alikuwa Bi Kazija, mikono yake ingali na povu la sabuni. Kadi yake alikuwa ameishika kwa vidole viwili ili isirowe.

"Dokta Khatib," alisema, na nyuma yake nikaona wengine wanakuja, mzee mmoja akifunga msuli vizuri kiunoni, mama mwengine akiongozwa mkono. "Yangu uliandika mia na ishirini. Ukanambia nimepona. Yangu je?"

Niliinuka.

"Sijui," nikamwambia, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Sijui, Bi Kazija. Nawa mikono, twende kwa Zuwena sasa hivi."